Shimo la Sita kwenye Mkanda wa Reli

"Kwani ni mwizi gani anayefunga mlango nyuma yake?"

Swali hilo Remigio Tlapale aliulizwa na jirani yake, Doña Eduviges, miaka mingi nyuma, alipokuwa bado mbichi katika kazi ya upelelezi. Mama huyo alipotelewa na bata mzinga wawili. Komeo la banda lilikuwa limerudishwa mahali pake, na bata waliobaki wametiliwa maji. Remigio alizunguka mtaa mzima akiwasumbua vijana wa watu, kumbe bata walikuwa kwa mkwe wa mama mwenyewe, wakingoja harusi. Tangu siku hiyo, kila alipofika mahali palipoibiwa, kabla hajauliza ni nani, alitazama kwanza mlango.

Ijumaa ile asubuhi, katika ukumbi wa mieleka wa La Rielera, mjini Apizaco, aliutazama mlango hadi mwenye ukumbi akaanza kukohoa.

Ulikuwa mlango mdogo wa kioo, wa kabati lililokaa chini ya picha ya Bikira wa Guadalupe, katika korido inayotoka vyumba vya kuvalia kwenda ulingoni. Hakuna mwanamieleka anayepita hapo bila kupiga ishara ya msalaba, awe mwema au mbabe wa kung'ata watu masikio. Ndani ya kabati ndimo ulimolala Mkanda wa Reli. Sasa kilibaki kitambaa chekundu, kikiwa na bonde katikati mithili ya kitanda alichoamka mtu. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo. Kioo kimepanguswa. Maua ya Bikira yamebadilishiwa maji.

"Ufunguo ni mmoja, na anao Nicanor," alisema Don Herón Lumbreras. Huyu ndiye mwenye ukumbi, mtoto wa mwanzilishi, mtu wa sharubu zilizochongwa vizuri na simu isiyotulia mkononi. Nicanor alikuwa mzee mlinzi wa ukumbi. Tangu jana jioni alikuwa mahabusu.

"Kwa hiyo aliiba, halafu akapangusa kioo?"

"Afande, mzee yule hata akija kukuua atafagia kwanza."

Remigio hakucheka. Aliuliza ni nini hasa kilicho hatarini, na Don Herón akamweleza bila kuzunguka. Kesho saa sita mchana msimamizi wa tume ya mieleka anakuja kuukagua mkanda kabla ya pambano la jioni. Asipouona, anaufuta ubingwa. Kampuni moja ya jiji kuu iko tayari na mkanda wake mpya, wenye jina lake, na Apizaco itageuka kituo kimoja tu katika safari zao. Saa hiyo hiyo ya mchana Nicanor atapelekwa gereza la mkoa, maana mahabusu ya mji haikai na mtu zaidi ya hapo.

"Na wewe unaamini ni yeye?"

Don Herón alitazama simu yake. Alisema yeye haamini wala haamini kinyume. Yeye ana ukumbi utakaojaa kesho.

Kila mtu wa Apizaco alijua hadithi ya mkanda ule, na Remigio aliijua kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa reli. Zamani wenye mieleka wa jiji kuu walisema vijana wa mkoani ni wa kufungulia pambano, si wa kupigania taji. Wafanyakazi wa karakana ya reli hawakujibu neno. Walichukua kengele ya garimoshi lililostaafishwa, wakaiyeyusha, wakamimina bamba. Ngozi wakaikata kwenye mkanda wa mashine kubwa ya karakana, ngozi nene iliyozungusha magurudumu miaka na miaka. Wakasema huu ndio Ubingwa Huru wa Reli, na anayeutaka aje kuuchukua Apizaco. Wakubwa wa jiji walicheka. Baadaye walikuja, wakapigwa, wakaacha kucheka.

Tena kulikuwa na desturi isiyoonekana ukumbi mwingine wowote. Bingwa mpya wa La Rielera hafungwi mkanda na mtu. Anapewa maharazi ya karakana, ule msumari wa kutobolea ngozi, naye katikati ya ulingo, mbele ya kila jicho, anapima kiuno chake na kutoboa shimo lake. Ndipo anaufunga. Maharazi yale hayatoki kwenye ndoano yake isipokuwa usiku wa taji.

Remigio alipiga ishara ya msalaba mbele ya Bikira, akatoka.

Mtu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa atakayepambana na bingwa kesho, Barón Escarlata, mbabe kutoka jiji kuu. Wiki nzima huyu alikuwa ametamba redioni kwamba mkanda wa Apizaco ataondoka nao kwa heri au kwa shari. Alimkuta kwenye kibanda cha chakula nyuma ya soko, amevaa suti ya kawaida na barakoa nyekundu, anakula vitumbua vya mahindi vyenye maharage kupitia tundu la mdomo.

"Vua hiyo tuzungumze," alisema Remigio.

"Afande, mke wangu mwenyewe aliuona uso wangu baada ya ndoa. Wewe hata kahawa hujaninunulia."

Remigio aliagiza kahawa. Akamkumbusha maneno yake ya redioni.

"Nilisema nitaondoka nao, na nitaondoka nao. Lakini niuibe nikauvae wapi, chooni?" Barón alifuta mchuzi uliotapakaa pembeni mwa tundu. "Sikiliza. Nina mikanda mitatu ya makampuni. Inang'aa kama sinia za harusi. Hakuna hata mmoja uliotobolewa na mtu aliyenishinda au niliyemshinda. Huu wenu ndio pekee ambao mtu huacha alama yake. Nimetoka mbali kuja kutoboa shimo langu. Aliyeuchukua ameniibia mimi kuliko alivyowaibia ninyi."

Alisema hayo bila kutamba, na Remigio akamwamini kuliko alivyopenda. Alipokuwa anainuka, Barón alimwongezea jambo kana kwamba anamwachia chenji mezani.

"Muulize Don Herón ile ngozi mpya nyeupe, yenye vimetameta, iliyokuwa ofisini kwake Jumatano, ni ya nini."

Don Herón alipoulizwa hakukana. Alisema televisheni inakuja kesho. Bamba ni zuri, Mungu amlaze pema aliyelimimina, lakini ngozi imechakaa, imekakamaa, ina mashimo kama chujio. Alikuwa ameagiza bamba lihamishiwe kwenye ngozi mpya Ijumaa hii, na ile ya zamani itupwe. Fundi alikuwa ameshaupiga picha mkanda kwa nyuma, apate vipimo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ni ngozi tu, afande. Historia iko kwenye bamba."

Remigio aliomba hiyo picha. Akasimama nayo dirishani, penye mwanga, akamwuliza Don Herón ubingwa huu umepata mabingwa wangapi.

"Watano. Mtoto yeyote wa hapa atakutajia."

"Na mashimo?"

Don Herón alisogea, akahesabu kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameuona mkanda ule maisha yake yote, lakini kwa mbele. Yalikuwa sita.

"Hili la ndani kabisa," alisema, "mkono wa mtu uliteleza. Nakumbuka mara moja nikiwa mdogo nilimwuliza marehemu baba. Alicheka tu, akanipa peremende."

Lile la ndani lilikuwa mbali na wenzake, la kiuno chembamba kuliko cha mwanamieleka yeyote wa uzito ule. Lakini si hilo tu lililomshika Remigio. Aliomba ashushiwe maharazi kutoka kwenye ndoano yake karibu na ulingo. Yalikuwa ya chuma cha zamani, meusi, yenye pembe nne kama msumari wa reli. Akayachoma kwenye kipande cha kadibodi. Tundu lilitoka la mraba.

Akarudi kwenye picha. Mashimo matano yalikuwa ya mraba, likiwemo lile la ndani. Moja lilikuwa la duara.

"Hili la duara, lililotanuka kwa kuvaliwa, ni la nani?"

Don Herón alijibu bila kufikiri. Hilo ni la El Fogonero, Mchochea Moto, bingwa wa tatu, aliyeushika mkanda miaka mingi kuliko wote na kuzikwa na barakoa yake. Ndiye aliyewapiga wa jiji kuu mmoja baada ya mwingine. Suti yake ya mieleka ilikuwa imening'inizwa ukutani pale pale koridoni, na watu huigusa kabla ya kupanda ulingoni.

Remigio alichukua uzi, akazungusha kiuno cha suti, kisha akapima kwa uwiano wa picha. Don Herón alikuwa amesema kweli. Shimo la duara ndilo la mwenye suti ile.

Akakaa kwenye benchi. Usiku wa taji maharazi ndiyo hutoboa, na maharazi hutoboa mraba. Mabingwa watano, mashimo matano ya mraba, hesabu imekamilika. Hakuna mkono ulioteleza. Lile la duara limetobolewa nyumbani, kwa msumari wa duka, mahali pasipo na watu. Basi usiku ule alipotawazwa El Fogonero, aliyepima kiuno katikati ya ulingo hakuwa mwenye suti hii. Barakoa ilikuwa yake. Kiuno kilikuwa cha mwingine.

Aliuliza El Fogonero alimshinda nani kutwaa taji.

"Alimshinda El Garrotero, Mfunga Breki," alisema Don Herón. "Bingwa wa pili. Wewe si umemfungia ndani? Ndiye Nicanor."

Mzee Nicanor Cuahutle alikuwa ameketi kwenye kitanda cha saruji cha mahabusu, mgongo umenyooka kana kwamba anapigwa picha. Masikio yake yalikuwa yamevimba na kukunjamana kama ya kila aliyezeeka mielekani. Mapajani alikuwa na kifurushi cha chakula, mkate wa mahindi uliotiwa nyama na kuvingirishwa majani, bado wa moto. Remigio aliuliza nani amekileta. Polisi wa zamu alisema kimeachwa kaunta na mama mmoja mtu mzima, hakusema jina.

Remigio alikitazama kifurushi kabla mzee hajakifungua. Kamba haikufungwa kama watu wanavyofunga chakula. Ilipita upande huu na upande huu, msalaba juu ya msalaba, ikakazwa kutoka chini kwenda juu, na fundo limefichwa ndani. Hivyo ndivyo vigwe vya barakoa vinavyofungwa kisogoni, ili mpinzani asipate ncha ya kuvuta.

"Mzee Nicanor, nani alichukua mkanda?"

Mzee alianza kufungua fundo.

"Ulimpa ufunguo, au alijua unapokaa?"

Mzee alianza kula. Alikula taratibu, kwa heshima ya chakula. Remigio alimwambia kwamba kesho mchana anapelekwa gerezani, na kwamba umri wake si wa gereza. Mzee alisema amelala sehemu mbaya zaidi, kwenye mabehewa ya mkaa, na hakufa.

Ndipo Remigio akabadilisha njia. Alimwuliza kuhusu usiku ule alipopoteza taji. Uso wa mzee ukabadilika. Haukununa, bali ulichangamka, kama wa mtu aliyetajiwa kijiji chake.

"Wiki ya pili baada ya Pasaka," alisema. "Watu walisema El Fogonero amekonda kwa mfungo wa Kwaresima. Wakamtania. Mwanguko wa kwanza nilimwangusha mimi. Wa pili akaniangusha. Wa tatu, afande, nilimbana hapa," akagusa shingo, "nikajua. Mkono ukishika mtu unajua umeshika nani. Tulifanya mazoezi uwanja mmoja sote watatu tangu utoto."

Alijua limemtoka neno.

"Watatu," alisema Remigio.

"Ningepiga kelele nikamwita refa, barakoa ingevuliwa, nami ningebaki na mkanda," mzee alisema polepole. "Ningebaki nao, na kila nikiufunga ningejua. Aliyenishinda alinishinda kihalali. Mabega yangu yote mawili yalilala chini. Na katika kazi yetu, barakoa ya mtu huvuliwa ulingoni au haivuliwi. Haivuliwi polisi. Umeelewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mzee."

"Basi niache nile."

Mbele ya ukumbi wa La Rielera, ng'ambo ya reli, kulikuwa na duka la mshona barakoa. Mwenyewe alikuwa Doña Obdulia Cuatecontzi, dada yake marehemu El Fogonero. Wanamieleka wa mikoa mitatu walimletea vichwa vyao avipime. Alikuwa mama mrefu, amekauka na umri, mabega mapana chini ya shali, na mikono ambayo cherehani haikuifanya laini. Remigio alimkuta anakaza vigwe kwenye barakoa mpya iliyovalishwa kichwa cha mbao. Msalaba juu ya msalaba, kutoka chini kwenda juu.

Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za mama yake, na goti la mama yake, na kama mvua imeharibu mahindi yao. Remigio alijibu yote, maana mtu hamfikii Doña Obdulia kwa mlango wa nyuma. Kisha akaweka picha ya fundi juu ya meza, pamoja na kipande cha kadibodi chenye tundu la mraba.

Mama aliviangalia. Sindano haikusimama.

"Mkanda uko salama?" aliuliza Remigio.

"Kitu cha Bikira hakilali mahali pabaya."

"Na kioo ulikipangusa."

"Ningekiacha na alama za vidole vyangu, mbele yake?" alisema mama, kana kwamba ameulizwa kama huwa anaoga.

Alieleza alipotaka, na alieleza machache. Kaka yake aliunguzwa na mvuke kwenye karakana wiki ya pambano, kifua kizima. Asingepanda ulingoni, wa jiji kuu wangesema walichokuwa wanasema siku zote, kwamba vijana wa mkoani hujificha. Wakati ule tume haikumpa mwanamke leseni, hata angekuwa na nguvu ya ng'ombe. Naye alikuwa nayo. Alibeba magunia ya mahindi ya kinu tangu akiwa binti, na jioni kaka alimfundisha uani kila alichojifunza. Usiku ule kaka mwenyewe alimfunga vigwe, akamwambia, nenda urudi na mkanda wa kiuno changu. Alirudi na mkanda. Kaka alipopona akauvaa, haukumfika, akatoboa tundu lake kwa msumari wa paa, jikoni, akicheka huku kifua kinamwuma.

"Angeweza kuliziba lile langu," alisema mama. "Kiraka kidogo tu, na hakuna ambaye angeuliza. Nilimwambia azibe. Akasema, Obdulia, mimi nitapewa sifa zako zote mbele za watu, hilo nimekubali kwa sababu huna leseni. Lakini shimo silizibi. Shimo ni lako."

Sindano ilisimama sasa.

"Halafu mtoto wa Lumbreras anataka kuitupa ngozi. Jumatano nilikwenda kumpelekea barakoa, nikamsikia na fundi wake. Bamba wanalipenda. Nikamwendea Nicanor. Nilimwambia nipe ufunguo, na akaniambia ameusahau juu ya kiti, yeye anakwenda kunywa maji." Alitikisa kichwa. "Sikudhani wangemfunga. Jana nilitaka kwenda polisi. Nicanor akanirudishia kutoka mahabusu kitambaa cha chakula kimefungwa mafundo mawili. Tangu utoto kwetu mafundo mawili ni kaa hapo ulipo."

Remigio angeweza kumwambia avae viatu waondoke. Sheria ilikuwa mkononi mwake, na mkanda, aliamini, ulikuwa ndani ya kasha alilokalia mama huyu. Alisimama, akavaa kofia.

"Doña Obdulia, mimi sivui barakoa ya mtu nje ya ulingo. Msimamizi anakuja kesho saa sita. Nicanor nitamleta mwenyewe, kabla ya gari la gereza."

"Na nikinyamaza?"

"Nicanor atanyamaza pia. Unamjua."

Mama aliinamisha kichwa. Remigio alipofika mlangoni alimsikia anasema, si kwake, bali kwa kile kichwa cha mbao: "Kaka, wanatupunguza: kwanza ngozi, sasa Nicanor."

Jumamosi mchana ukumbi ulikuwa na watu wachache, viti vimepangwa, taa za televisheni zinajaribiwa. Msimamizi wa tume alikuwa ameketi kwenye meza ndogo kando ya ulingo, mtu mkavu, na muhuri wake mbele yake. Don Herón alitembea huku na huku. Fundi wa ngozi alikuwa na ile nyeupe mkononi. Barón Escarlata, na wanamieleka wengine kama kumi, walikuwa wananyoosha viungo ulingoni. Remigio alimwingiza mzee Nicanor, akamfungua pingu bila kuomba ruhusa ya mtu, akamkalisha mstari wa mbele.

Msimamizi alitazama ukutani, akasema saa imetimia. Ubingwa usio na mkanda, alisema, hauna cha kupigania. Akashika muhuri.

Mlango wa korido ulifunguliwa.

Aliyetoka alisimama kwanza mbele ya Bikira, akapiga ishara ya msalaba, akaja. Alivaa sketi ya nyumbani na aproni ya duka. Usoni alikuwa na barakoa nyeusi, pacha wa ile iliyozikwa na El Fogonero, yenye ndimi za moto za rangi ya chungwa, imefifia, iliyokwisha kushonwa na kushonwa tena. Wazee waliitambua kabla vijana hawajaitambua. Kiunoni, juu ya aproni, ulikuwa Mkanda wa Reli. Uzee ulikuwa umemrudishia kiuno cha ujana wake, na ulimi wa kifungo ulikuwa umeingia katika shimo la ndani kabisa, ukakaa kama ufunguo kwenye kitasa chake.

Alipofika ulingoni, Barón Escarlata, mbabe ambaye hajawahi kumfungulia mtu kamba katika maisha yake, alikalia kamba ya kati na kuinua ya juu kwa bega. Mama akapita katikati bila kuinama sana.

Don Herón ndiye aliyeanza. "Doña Obdulia," alisema, maana mabega yale hayakufichika, "wewe unajua kanuni. Anayejivua ni aliyeshindwa."

"Sijashindwa," alisema mama. "Nimemaliza."

Akapeleka mikono kisogoni. Alifungua vigwe mwenyewe, kutoka juu kwenda chini, bila haraka, huku wanamieleka wote wamesimama wima na mikono mgongoni. Barakoa ikatoka. Nywele nyeupe zikashuka. Kisha akasema kile ambacho kila anayefunua uso ulingoni lazima akiseme, jina, alikozaliwa, na muda aliopigana.

"Naitwa Obdulia Cuatecontzi Meneses. Mzaliwa wa hapa hapa Apizaco, nyuma ya karakana. Muda ulingoni, pambano moja."

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha, kwa sababu msimamizi alikuwa ameinua mkono. Alikuwa ameshakunja uso wa kazi. Alianza kusema kwamba mshindani asiye na leseni, kwa kanuni za wakati ule, ushindi wake ni—

"Bwana mkubwa," alisema mzee Nicanor, naye akasimama. "Malalamiko ya pambano huletwa na aliyeshindwa. Si ndivyo?"

Msimamizi alikiri ndivyo.

"Aliyeshindwa ni mimi. Mabega mawili, hesabu ya tatu, mwanguko wa tatu. Nilikuwa na nguvu zangu zote na sikuwa na udhuru. Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote, na kila nikipita koridoni nalisalimia." Akanyoosha mgongo. "Sina malalamiko."

Msimamizi aliuangalia muhuri wake. Akaurudisha kwenye mfuko wa koti. Akasema mkanda ameuona, uko kamili, pambano la jioni liendelee, na kuhusu mengine tume haijapokea malalamiko.

Don Herón alikuwa bado ametazama kiuno cha mama, lile shimo ambalo baba yake alilichekea akampa peremende. Kisha akamgeukia fundi. "Hiyo nyeupe," alisema taratibu, "kamshonee mtu viatu." Kwa Remigio alisema hana kesi. Hakupotelewa na kitu.

Doña Obdulia alifungua mkanda. Hakumpa mwenye ukumbi, wala msimamizi, wala bingwa wa sasa aliyekuwa anangoja kando na machozi yanamtiririka kwenye barakoa. Alishuka ulingoni, akauweka mikononi mwa mzee Nicanor, mtunza kabati, na juu yake akaweka ile barakoa ya moto. Wazee wawili walitazamana. Mkono wake ulikaa juu ya mikono ya mzee kwa kitambo, mkono mpana, wenye kushika.

Wanamieleka walifungua njia kwa mistari miwili. Mama akapita katikati yao akiwa na uso wake mwenyewe, kichwa juu, aproni ikiwa na alama ya bamba kiunoni. Mmoja alimwita bingwa. Hakugeuka. Alifika mlango wa barabarani, akatoka, akaufunga nyuma yake.